Je, Hobbes alisema watu ni wabaya? Jibu kwa msomaji aliyekwama katika Leviathan

"Mwalimu, salamu. Mchana nauza vifaa vya ujenzi, jioni nasoma chuo. Muhula huu tumepewa kitabu cha mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, Leviathan, cha mwaka 1651. Nimekianza mara tatu na mara zote nimekwama kabla ya sura ya tano, maana Kiingereza chenyewe kinanishinda. Mjomba wangu, aliyekisoma zamani, ananiambia nisijisumbue: kitabu kizima kinasema mtu ni mbwa mwitu kwa mwenzake, kwa hiyo watu wanahitaji kiongozi wa mkono wa chuma, na huku kwetu ndiyo zaidi. Nikaruka hadi sura ya 13, ile maarufu kuhusu maisha ya watu wasio na serikali. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoikumba Kenya, nilikuwa darasa la sita, Bonde la Ufa. Nimewaona majirani niliowaamkia kila asubuhi wakisimama barabarani na mapanga. Nilipomaliza sura hiyo sikulala. Je, Hobbes alikuwa sahihi kuhusu watu? Na kama ndivyo, mjomba naye yuko sahihi? Au nifaulu mtihani tu, kisha nikiweke kando kitabu hiki cha zamani?"

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na sioni kwamba mtihani ndio unaokunyima usingizi. Unachoogopa ni kwamba kitabu kimekuja kukuthibitishia jambo ulilolishuku tangu utotoni: kwamba sura uliyoiona barabarani ndiyo sura halisi ya jirani, na salamu za asubuhi zilikuwa vazi tu. Nitaanzia hapo. Ya mjomba na ya mtihani yatafuata.

Huyo mbwa mwitu hayumo katika Leviathan. Hobbes alimtaja katika kitabu kilichotangulia, De Cive, alichokiandika kwa Kilatini na kukitoa mwaka 1642, tena katika barua ya ufunguzi. Na hata huko hakusema kile anachosingiziwa. Alisema kuna misemo miwili na yote ni ya kweli: mtu kwa mtu ni kama mungu, na mtu kwa mtu ni mbwa mwitu. Wa kwanza ni kweli ukiwatazama raia wa nchi moja wao kwa wao. Wa pili ni kweli ukitazama dola na dola. Yaani mbwa mwitu wa Hobbes ni serikali inapoikodolea macho serikali jirani. Watu wakabeba nusu ya maneno, wakaiacha nusu nyingine, na hiyo nusu ndiyo iliyomfikia mjomba.

Rudi sasa katika sura ya 13 na utafute sentensi ambayo nadhani uliipita mbio. Anasema, kwa Kiswahili changu, kwamba matamanio na hisia nyingine za binadamu si dhambi kwa zenyewe. Iweke alama. Mtu anayetaka kusema binadamu ni waovu kwa asili haandiki sentensi hiyo katikati ya sura yake kuu. Hobbes anatafuta kitu kingine: inakuwaje watu wasio waovu, wanaotaka kulala salama na kuvuna walichopanda, wajikute wamesimama barabarani na silaha?

Swali hilo halikumjia akiwa ameketi kwa raha maktabani. Alizaliwa Aprili 1588, Uingereza ikisubiri kwa hofu meli za kivita za Hispania, na uzeeni aliandika katika ushairi kwamba mama yake alijifungua pacha, yeye na hofu. Mwaka 1629 alichapisha tafsiri yake ya Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki aliyesimulia jinsi mji wa Corcyra ulivyogawanyika hadi ndugu wakauana na maneno yenyewe yakabadilika maana, ujasiri usio na fikra ukaitwa ushujaa na tahadhari ikaitwa woga. Mwaka 1640, siasa za Uingereza zilipochafuka, Hobbes alikimbilia Paris akakaa huko miaka kumi na mmoja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Januari 30, 1649, mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa mbele ya umati jijini London. Leviathan kilitoka miaka miwili baadaye. Kwa hiyo aliyekuandikia sura ile ni mkimbizi, na nchi yake ilikuwa imefanya kile ulichokiona wewe.

Hoja yake huanzia mahali wasomaji wengi wasipopatazama, kwenye usawa. Watu, anasema, wanakaribiana mno kwa nguvu. Aliye dhaifu kuliko wote anaweza kumuua aliye na nguvu kuliko wote, kwa hila au kwa kuungana na wengine, na hata shujaa hulala usingizi. Usawa huo huzaa matumaini sawa, na matumaini sawa juu ya kitu kimoja huzaa ushindani. Kisha anataja vyanzo vitatu vya ugomvi: kugombania mali, kutoaminiana, na kutafuta sifa. Cha kwanza na cha tatu tunavijua vizuri. Cha kati ndicho kinachobeba sura nzima, na nitakaa hapo kidogo.

Chukua majirani wawili ambao ua wa michongoma ndio unaowatenganisha. Hakuna anayemchukia mwenzake. Jioni moja ujumbe unaingia kwenye simu ya mmoja: wale wa upande ule wanajipanga usiku huu. Hauamini. Lakini anajiuliza, je, na jirani amepata ujumbe kama huu kunihusu mimi? Kama ameupata, ananiogopa. Kama ananiogopa, huenda akaona heri aanze yeye. Na yule wa upande wa pili naye yuko jikoni anawaza hayo hayo, tena anajua kwamba mwenzake anayawaza. Basi mmoja anachukua tupa, anainoa panga yake. Kwa usalama tu, anajiambia, sina nia mbaya na mtu. Mlio wa tupa unavuka ua. Upande wa pili kuna mtu amesikia panga ikinolewa gizani, na sasa ana ushahidi ambao dakika tano zilizopita hakuwa nao.

Hebu niambie, mbaya ni nani hapo? Hakuna. Kila hatua ina mantiki yake, na zote kwa pamoja zinaelekea kwenye damu. Huu ndio mtego ambao Hobbes aliuona kuliko mwandishi yeyote kabla yake. Anaongeza jambo la kusikitisha zaidi: wapo wachache wanaofurahia kweli kuwatawala wengine, na kwa kuwa huwezi kuwatambua kwa sura, hata mtu mpole aliyeridhika na alicho nacho hulazimika kuishi kana kwamba kila mtu ni mmoja wao. Wachache hao wanatosha kuwaharibia wote.

Ndiyo maana anasema vita si mapigano peke yake. Anatoa mfano wa hali ya hewa: hatusemi ni msimu wa mvua kwa sababu ya manyunyu mawili, tunasema hivyo kwa sababu mbingu imekaa kimvua siku nyingi mfululizo. Vivyo hivyo vita ni kipindi chote ambacho kila mtu anajua mapigano yanaweza kuanza, hata kama leo hakuna aliyerusha jiwe. Wewe uliyekuwa darasa la sita unazikumbuka siku zile ambazo hakikutokea kitu na bado hakuna aliyekwenda shambani. Hobbes anazieleza siku hizo kwa neno: hakuna kulima, hakuna biashara ya baharini, hakuna kujenga, hakuna elimu, kwa sababu nani atahangaikia tunda asilojua kama atalila?

Na kwa anayedhani haya ni chuki dhidi ya binadamu, anauliza swali la nyumbani. Ukisafiri hujihami? Ukilala hufungi mlango? Na ndani ya nyumba yako, penye watoto wako na watumishi wako tu, mbona kasha limefungwa? Si kwa matendo yako unawashtaki watu kama mimi ninavyowashtaki kwa maneno? Sisi tulishasema kikulacho ki nguoni mwako, na hakuna anayetuita wachukia watu kwa kusema hivyo.

Nisikuache hapo hata hivyo, maana mtego ule haumwondolei mtu hatia, na ningekudanganya kama ningesema 2008 yote ilikuwa hofu ya majirani. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilikuta kwamba mahali pengine zilizuka zenyewe na mahali pengine zilipangwa, na nyuma yake kulikuwa na madai ya ardhi ya miongo mingi. Yupo aliyeutuma ujumbe ule akijua ni uongo. Hobbes anakueleza kwa nini uongo huo ulishika moto haraka. Aliyewasha kiberiti hausamehewi na maelezo ya jinsi nyasi zilivyokuwa kavu.

Sasa swali lako: alikuwa sahihi kuhusu watu? Jibu langu ni kwamba alikuwa sahihi kuhusu mtego, na hakutuambia yote kuhusu watu. Katika Bonde la Ufa hilo hilo, siku zile zile, wapo waliowaficha majirani wa kabila jingine darini na vyumbani mwao, wakijua wakigunduliwa watakufa nao. Ukiisoma sura ya 14 kwa makini utaona Hobbes anajua watu wa namna hiyo wapo. Anasema mtu anaweza kushika neno lake kwa hofu ya matokeo, au kwa fahari ya kutohitaji kulivunja, na ukarimu huo wa moyo, anasema, ni adimu mno kuutegemea. Neno alilochagua ni adimu, hakusema haupo.

Wewe unauza nondo, utanielewa. Fundi anayepiga hesabu za paa haangalii upepo wa jioni ya kawaida, anaangalia ule mkubwa kuliko wote unaoweza kuja. Mtu akisoma hesabu zile asidhani fundi anaamini kila siku ni tufani. Hobbes anaandika kama fundi huyo. Kosa ni kuisoma michoro yake ya paa kana kwamba ni ripoti ya hali ya hewa ya kila siku. Salamu za jirani yako zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni kitu ambacho kingezibeba siku ya upepo.

Tumfikie mjomba, na nitamtendea haki, kwa sababu hakuota. Sura ya 17 inasema kwamba maagano bila upanga ni maneno matupu. Sura ya 18 inampa mtawala haki nzito: raia hawawezi kubadili mfumo wa utawala bila idhini yake, hawawezi kumshtaki kwa dhuluma, na yeye ndiye anayeamua ni maoni na vitabu gani vienee. Katika sura ya 19 Hobbes anapendelea ufalme, na anadai kwamba anayeuita utawala wa kidhalimu ni mtu asiyeupenda tu. Haya yamo, na usiyafiche kwenye mtihani ili kumfanya Hobbes apendeke.

Lakini mjomba amesimama katikati ya njia. Kwanza, mamlaka kuu ya Hobbes si lazima yawe ya mtu mmoja, yanaweza kuwa ya baraza. Pili, na hapa ndipo penye utamu wa kitabu, mamlaka hayo yanatoka wapi? Fungua ukurasa wa mchoro, ule wa mbele kabisa. Kila mwaka nawapa wanafunzi wangu dakika kumi za kuutazama kabla sijafungua mdomo. Utaona jitu lenye taji likichomoza nyuma ya milima, mkono wa kulia upanga, wa kushoto fimbo ya askofu. Juu kuna maneno ya Kilatini kutoka Kitabu cha Ayubu: hakuna nguvu duniani ya kulinganishwa nalo. (Leviathan ni yule mnyama wa Ayubu sura ya 41. Baadhi ya Biblia za Kiswahili humwita mamba, ndiyo maana wengi tumempita bila kumjua.) Sogeza macho karibu na kifua na mikono. Ulichodhani ni magamba ni watu. Wamo zaidi ya mia tatu, wamevaa kofia na majoho, wamebanana, na wote wametupa mgongo wanalitazama jitu usoni. Chini yake mji uko karibu mtupu, askari wachache na wapita njia wawili watatu.

Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akasema: Mwalimu, wakitoka hawa, halibaki kitu. Ndivyo. Jitu halina nyama yake mwenyewe. Sura ya 16 inaeleza jambo hilo kwa lugha ya sheria: mtawala ni mtendaji, watu ndio wenye kauli. Mchoro ulichongwa na Mfaransa Abraham Bosse, na katika nakala ya mkono ambayo Hobbes alimpa Charles wa Pili, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake wa hesabu, nyuso za watu wale zinatazama nje, kwetu sisi. Jiulize kwa nini zigeuzwe. Mimi ningekupa alama kwa kuuliza tu.

Kisha nenda sura ya 21. Humo kuna sentensi ambayo kila anayemtumia Hobbes kutetea mkono wa chuma huikwepa: wajibu wa raia kumtii mtawala hudumu kwa muda ule tu ambao mtawala ana uwezo wa kuwalinda, na si zaidi ya hapo. Katika sura hiyo hiyo anasema raia aliyeamriwa ajiue au ajidhuru ana uhuru wa kukataa, na kwamba halazimiki kujishuhudia dhidi yake mwenyewe. Halafu sura ya 30: kazi ya mtawala ni usalama wa watu, na usalama, anasisitiza, si kubaki hai tu, ni pamoja na raha nyingine za maisha ambazo mtu huzipata kwa jasho halali. Anadai haki sawa kwa tajiri na maskini. Anadai wasioweza kufanya kazi watunzwe kwa sheria za nchi, wasiachiwe huruma ya watu binafsi. Sheria nzuri anaifananisha na ua kando ya njia, ambao haukuwekwa kuwazuia wasafiri bali kuwasaidia wasipotee. Kiongozi wa mkono wa chuma asiyetoa haya amepoteza sababu pekee ambayo Hobbes alimpa.

Bado kuna tundu, na ni kubwa. Hobbes alipiga hesabu za hofu ya jirani kwa makini ya ajabu, lakini hofu ya mwenye upanga hakuipigia hesabu ya namna hiyo. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza aliyeandika kizazi kimoja baadaye, alilisema jambo hili kwa picha ambayo sijaona bora yake: ni kudhani watu ni wajinga kiasi cha kujikinga na madhara ya vicheche na mbweha, halafu waridhike, na hata waone ni usalama, kuliwa na simba. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Zaidi ya theluthi vilitokana na risasi, na lawama kubwa ya risasi ililielekea jeshi la polisi. Mtoto wa darasa la sita aliwaogopa majirani wenye mapanga, na alikuwa na kila sababu. Alikuwa na sababu ya kuuogopa na upanga wa umma pia. Kwa maoni yangu hili ndilo swali la kumkabili nalo Hobbes leo. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanza, kifungu cha 1, kwa kusema mamlaka kuu ni ya wananchi, kisha inayagawa kati ya Bunge, Mahakama, Serikali na kaunti. Hobbes angesema mamlaka yaliyogawanywa yamekufa. Nani yuko sahihi? Hapo una insha nzima, tena ya kwako.

Na ile "huku kwetu ndiyo zaidi" ya mjomba siipokei hata kidogo. Ina mizizi katika kosa la Hobbes mwenyewe. Akitafuta mfano wa watu wasio na serikali, aliwataja wenyeji wa Amerika, ambao hakuwahi kuwaona, akasema mbali na familia ndogo ndogo hawana utawala wowote. Haikuwa kweli kwao, na wazo hilo baadaye lilitumika sana kuhalalisha kuwatawala watu kwa madai kwamba walikuwa katika vurugu. Hukuhitaji kwenda mbali kupata jibu. Wakalenjin walikuwa na kokwet, baraza la wazee wa mtaa lililokaa chini ya mti kuamua kesi za mipaka na mifugo. Wakikuyu walikuwa na kiama, baraza lao la wazee, Wamijikenda wana wazee wa kaya. Hapakuwa na mfalme mmoja mwenye upanga juu ya wote, na watu walilima, walioana, walilipana fidia. Hobbes hakuweza kuiona amani ya namna hiyo, kwa sababu kwake amani ilikuwa na mlango mmoja.

Sasa usomaji wenyewe. Umekwama kwa sababu umeanza pagumu. Sura za mwanzo ni kamusi ya Hobbes: hisia ni nini, kufikiri ni nini, neno ni nini. Anajenga msingi kama mtaalamu wa jiometri, na msomaji mgeni huchoka kabla ukuta haujainuka. Soma Utangulizi, ambao ni mfupi, kisha ruka hadi 13, 14 na 15. Endelea na 16, 17 na 18, halafu 21, halafu 29 na 30. Hapo utakuwa umeshika mifupa ya kitabu. Ndipo urudi sura ya 6, ya 10 na ya 11, na utashangaa jinsi zilivyolainika. Sehemu ya tatu na ya nne, karibu nusu ya kitabu, zinahusu Maandiko na kanisa. Kwa mtihani wako zinaweza kusubiri, lakini usiziite porojo, kwani ndizo zilizowachoma sana watu wa zama zake. Mwaka 1666 Bunge la Uingereza lilikitaja kitabu hiki lilipojadili muswada dhidi ya ukanaji Mungu, na mwaka 1683, miaka minne baada ya yeye kufariki, Chuo Kikuu cha Oxford kilivichoma vitabu vyake.

Kuhusu lugha, tafuta toleo lenye tahajia ya kisasa. Kitabu hakina tena hakimiliki, kwa hiyo hulazimiki kununua ghali, ila toleo lenye maelezo chini ya ukurasa lina thamani kama unaweza kulipata maktaba. Kama umewahi kusoma Biblia ya Kiingereza ya King James, ya 1611, sikio lako tayari linaujua mwendo wake. Soma kwa sauti. Sentensi ndefu za Hobbes zinaeleweka zaidi mdomoni kuliko machoni. Muhtasari wa mtandaoni usome baada, usiusome kabla, maana mingi itakurudishia mbwa mwitu yule yule. Na kama muda ni mfinyu kweli, sura tano zilizosomwa mara mbili zinakufaa kuliko arobaini na saba zilizopitwa mbio.

Usisome peke yako. Tafuta mwenzako mmoja darasani, mkae baada ya kipindi, mmoja asome aya, mwingine aiseme kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Mkishindwa kuisema, hamjaielewa, na hapo ndipo pa kumwendea mhadhiri wenu ofisini, na kitabu mkononi, kidole kikiwa juu ya aya yenyewe. Mhadhiri atakusaidia sana ukimwonyesha mstari, na kidogo tu ukimwambia kitabu ni kigumu.

Kuna jambo moja ambalo mimi siwezi kulifanya kutoka huku. Umesema hukulala. Kama ulikuwa usiku mmoja, nakuelewa, na mimi kuna kurasa zilizowahi kunikesha. Lakini kama ndoto zinarudi, kama mlio fulani au harufu ya moshi inakurudisha 2008, au unajikuta unaukwepa mji ule na watu wale, hilo si suala la falsafa na halina aibu. Vyuo vingi vina mshauri nasaha, na hospitali za kaunti zina wahudumu wa afya ya akili. Nenda ukakae na mtu ana kwa ana umsimulie, hata kama ni miaka mingi imepita. Wakati huo sura ya 13 isome mchana, pamoja na yule mwenzako, si usiku ukiwa peke yako.

Mjomba naye usimwache. Mpelekee kitabu, mfungulie sura ya 21, mwombe kwa heshima akusomee kwa sauti ile sentensi ya wajibu na ulinzi, halafu umuulize yeye alikuwa wapi Januari ya 2008, na nani alimlinda.